Kusafisha Shamba Mbele ya Kupanda: Dawa Kali au Dawa ya Upole?



Wagonjwa wengi wanaokuja kwetu wanapenda sindano kuliko vidonge, tena wanapenda sindano yenye kuuma. Muzee mumoja aliniambia waziwazi: "Mwanangu, dawa isiyouma haifanyi kazi." Nilicheka, lakini sikumushinda kwa maneno, maana wazo kama hili halitoki kichwani kwa siku moja. Wengine wana wazo la kinyume. Wakiona mugonjwa wao anatapika na nywele zake zinaanguka wanasema, "Mumwache! Munamuua na dawa zenu." Leo ninataka kuandika juu ya ugonjwa mumoja ambapo mawazo haya yote mawili yanaweza kuua mutu. Ni habari ya kansere ya damu, na ya kazi ya kumupa mugonjwa uboho wa mutu mwingine.

Mutaniuliza: Kwa nini kutuandikia habari ya kazi isiyofanyika katika hospitali yetu? Ni kweli, haifanyiki hapa. Hospitali ya misioni yenye vitanda vichache na mashini moja ya kupiga picha haiwezi kuifanya. Lakini watoto wetu wanakaa Bruxelles, Paris, Johannesburg na Montréal. Mumoja wao akipatwa na ugonjwa huu kule, simu inafika kijijini: "Baba, mama, waganga wanasema kuna njia mbili. Ninyi munasemaje?" Halafu jamaa wanakusanyika chini ya muti na kutoa shauri juu ya jambo wasilolijua. Heri tulijue.

Ndani ya mifupa, zaidi mifupa ya kiuno na ya kifua, kuna kitu laini kiitwacho uboho. Munauona munapovunja mufupa wa mbuzi. Hapo ndipo damu inapozaliwa kila siku. Katika kansere ya damu iitwayo lekemia, chembe zilizoharibika zinazaana katika uboho pasipo mupaka, na chembe nzuri zinakosa nafasi. Mugonjwa anapungukiwa na damu, anatokwa na damu puani na katika fizi, anashikwa na homa isiyoisha. Si uchawi. Wala si ugonjwa wa kuambukiza. Munaweza kula naye katika sahani moja.

Dawa za kansere zinaua chembe mbaya nyingi sana, lakini mara nyingi chache zinabaki zimejificha, na baada ya miezi zinajaa tena. Kwa hiyo waganga wanatafuta mutu ambaye damu yake inapatana na ya mugonjwa, na kumuomba chembe-mama zake, ndizo zinazozaa damu. Ndugu wa baba mumoja na mama mumoja anapatana naye mara 1 katika 4. Hawapasui mifupa ya mugonjwa hata kidogo. Zile chembe zinaingizwa kwa mushipa, kama vile tunavyotia damu kwa mama aliyetokwa na damu wakati wa kuzaa, na zenyewe zinajua njia ya kwenda mifupani. Jambo hili linanishangaza hata leo.

Lakini mbele ya kupanda, lazima shamba lisafishwe. Ninyi munaolima munajua njia mbili. Kuna mutu anayekata kila muti, anang'oa visiki, anachoma yote hata udongo unakuwa mweusi, kisha anapanda. Majani mabaya hayarudi upesi, lakini moto ule unaweza kushika nyumba. Na kuna mutu anayefyeka kidogo tu, anapanda viazi vitamu, na kungoja matawi yao yatambae na kufunika udongo hata majani mabaya yakose nuru na kufa. Kazi yake ni nyepesi, na hakuna hatari ya moto. Lakini kama majani mabaya ni yale yenye mizizi mirefu, yatatoka juu ya viazi mbele ya viazi kuwa na nguvu.

Basi waganga wana njia mbili kama hizo. Ya kwanza ni kumupa mugonjwa dawa nyingi za kansere, au kumupiga mwili muzima na miale ya mashini, hata uboho wake wote uishe kabisa. Asipopewa uboho wa mutu mwingine, atakufa. Ya pili ni kupunguza dawa na miale, kiasi cha kutosha tu ili mwili wa mugonjwa usiufukuze uboho wa mugeni, na kuacha zile chembe za mugeni zimalize vita zenyewe.

Njia kali ndiyo ya zamani. Muganga Mwamerika E. Donnall Thomas, aliyefanya kazi katika muji mudogo wa Cooperstown katika jimbo la New York, aliandika mwaka 1957 juu ya wagonjwa 6 aliowapa uboho wa watu wengine baada ya miale na dawa. Wote 6 walikufa. Katika miaka ya 1960 waganga wengi waliiacha kazi hii wakisema haiwezekani. Yeye hakuiacha. Alihamia Seattle mwaka 1963, na muke wake Dottie alifanya kazi pamoja naye miaka yote. Mwaka 1977 waliandika habari za wagonjwa 100 wa lekemia ambao dawa nyingine zote zilikuwa zimeshindwa. Kati yao, 13 walikuwa hai pasipo ugonjwa. Mutasema 13 ni wachache. Lakini wale 100 wote walikuwa wamekwisha kuhesabiwa kuwa wafu. Mwaka 1990 Thomas alipewa zawadi ya Nobel.

Hapo waganga wakafikiri kama sisi tunavyofikiri juu ya sindano: kama dawa kali imeponya 13, dawa kali zaidi itaponya wengi zaidi. Wakajaribu kwa haki, kwa kugawanya wagonjwa pasipo kuchagua. Kule Seattle kundi moja lilipata miale ya kipimo cha 12 Gray, lingine 15.75. Matokeo yaliandikwa mwaka 1990, na ningependa kila mutu anayeomba sindano kali ayasome. Katika kundi la miale mingi, ugonjwa ulirudi kwa watu 12 tu katika 100 ndani ya miaka mitatu. Katika kundi lingine ulirudi kwa 35. Munaona? Dawa kali ilishinda ugonjwa. Lakini waliokufa kwa sababu ya dawa yenyewe walikuwa 32 katika 100 kwa miale mingi, na 12 kwa miale michache. Mwisho, waliobaki hai pasipo ugonjwa walikuwa karibu sawasawa katika makundi yote mawili. Waliookolewa kwa mukono wa kuume waliuawa kwa mukono wa kushoto.

Jambo la pili lilionekana pole pole. Uboho wa mugeni unaleta walinzi wake, ndizo chembe nyeupe, na walinzi hawa pengine hawamutambui mwenye nyumba. Wanaanza kumupiga: ngozi inatoka vipele, tumbo linaharisha, macho yanakuwa manjano. Ni ugonjwa mubaya unaoweza kuua. Lakini mwaka 1979 waganga wa Seattle walieleza kwamba kwa wagonjwa walioshikwa na taabu hii, lekemia ilirudi mara chache kuliko kwa wengine. Yaani walinzi waliompiga mwenye nyumba walimupiga na mwizi pia! Mwaka 1990 waganga wa München, Ujerumani, waliwapa wagonjwa ambao lekemia yao ya pole pole ilikuwa imerudi chembe nyeupe za mutoaji yule yule, na ugonjwa ukatoweka.

Hapo ndipo njia ya pili ilipozaliwa. Kama walinzi wanapigana vizuri hivi, kwa nini kuchoma shamba lote? Karibu na mwisho wa miaka ya 1990, waganga wa Houston, wa Yerusalemu na wa Seattle walianza kupunguza dawa. Kule Seattle walishuka hata 2 Gray tu, ambapo zamani walitumia 12 na zaidi. Kwa wengine uboho wa mugeni ulikataliwa, basi wakaongeza dawa moja iitwayo fludarabini, na ukashika. Mwaka 2001 waliandika juu ya wagonjwa 45, wengi wao wazee ambao zamani wasingepewa nafasi hata kidogo. Wengine kati yao hawakulala hospitalini; walitibiwa na kurudi nyumbani kulala kwao. Mutu aliyetunza wagonjwa wa njia kali, mwenye vidonda midomoni asiweze kumeza hata maji, mwenye homa juma baada ya juma, atajua kwa nini habari hii ilileta furaha.

Na hapa ninaanza kusema wazo langu mwenyewe. Furaha ile ilikuwa ya haki kwa wazee. Kwa vijana ilikuwa na hatari. Neno "upole" ni neno tamu. Nani atakataa upole? Mama akisikia kwamba kuna njia ya upole kwa mwana wake, atauliza tena nini? Mimi ningekuwa na amri, ningeliondoa neno hili katika vinywa vya waganga na vya jamaa. Njia hii haina upole. Ina dawa zilizopunguzwa. Nywele zinaanguka kwa wengi, magonjwa mengine yanaingia, na walinzi wageni wanaweza kumupiga mwenye nyumba vilevile. Na zaidi ya yote, lekemia yenyewe haijui kwamba sisi tulikuwa wapole.

Marekani walifanya jaribio kubwa juu ya swali hili, na matokeo yakaandikwa mwaka 2017. Walichukua wagonjwa 272 wa miaka 18 hata 65, wenye lekemia kali ya aina moja au ugonjwa wa uboho ulio jirani yake. Wote walikuwa na nguvu ya kutosha kuvumilia njia yoyote, na ugonjwa wao ulikuwa umekwisha kupunguzwa na dawa. Walitaka wagonjwa 356, lakini walisimamisha kazi mapema kwa sababu ya mambo waliyoyaona. Baada ya miezi 18, ugonjwa ulikuwa umerudi kwa watu karibu 14 katika 100 wa njia kali, na kwa watu 48 katika 100 wa njia iliyopunguzwa. Karibu nusu! Waliouawa na matibabu yenyewe walikuwa karibu 16 katika njia kali, na 4 tu katika njia nyingine.

Usomaji wa haraka utasema: angalia, 16 na 4, njia kali ni ya kuua. Lakini muhesabu wote. Baada ya miaka minne waliokuwa hai walikuwa 65 katika 100 wa njia kali na 49 katika 100 wa ile nyingine. Hesabu ile ya kuuawa na matibabu ilikuwa imepanda hata 25 na 10, kwa maana mazara ya dawa kali yanaendelea kuua pole pole. Sifichi jambo hili. Hata hivyo, njia kali ilibaki mbele.

Kwa hiyo ninasema: kijana mwenye moyo, ini na figo zenye nguvu, aliye na lekemia ya namna hii, asipewe njia iliyopunguzwa kwa sababu watu wanamuhurumia. Huruma hiyo ni ya wale wanaokaa karibu na kitanda, wasiotaka kuona taabu. Mwenye kulipa bei yake ni mugonjwa, baada ya mwaka mumoja, watu wakiwa wamekwisha kurudi kwenye kazi zao.

Mutu anayejua habari hizi atanipinga, na ana haki. Atasema: Wajerumani nao walifanya jaribio, likaandikwa mwaka 2012, kwa wagonjwa 195 wasiozidi miaka 60, na hawakuona tofauti. Ugonjwa ulirudi sawasawa katika makundi yote mawili. Ni kweli. Lakini mutazame kile walichokiita kupunguza: kutoka 12 Gray walishuka hata 8, wakaongeza fludarabini. Nane si mbili. Jina moja linafunika dawa za nguvu nyingi tofauti, kama neno "pombe" linavyofunika ile ya ndizi na ile kali ya kuchemshwa inayowaka moto. Kwa hiyo muganga akisema "tutapunguza", mugonjwa aulize: mutapunguza hata wapi? Siku hizi kuna dawa iitwayo treosulfani, ambayo ilishindanishwa na njia iliyopunguzwa ya zamani kwa wagonjwa wazee au wenye magonjwa mengine, na mwaka 2020 ikaonekana kuwa bora. Pengine ugomvi huu wote wa kali na pole utakwisha kwa kupata dawa inayochoma majani pasipo kuchoma nyumba. Bado haujaisha.

Jambo linalonifurahisha zaidi katika habari hizi liliandikwa vilevile mwaka 2020. Wale waganga wa jaribio la Wamerika walikuwa wameweka damu ya wagonjwa iliyotolewa mbele ya matibabu. Wakaipima tena kwa mashini mpya zenye kuona hata alama ndogo sana za lekemia iliyojificha. Wale ambao damu yao haikuonyesha alama yoyote, njia zote mbili ziliwafaa karibu sawasawa. Lakini wale waliokuwa na alama, kwa njia iliyopunguzwa ugonjwa ulirudi kwa 67 katika 100 ndani ya miaka mitatu. Kwa njia kali, 19. Maana yake, mbele ya kuchagua panga au moto, muchimbe kwanza udongo mutazame kama kuna mizizi. Hospitali yenye vyombo vya kupima alama hizi na isiyopima mbele ya kuchagua njia, mimi ningeiuliza sababu.

Kwa wazee nina wazo lingine, wala sijipingi. Muzee wa miaka 70, ambaye moyo wake umechoka au mapafu yake yamekwisha kuharibika, njia kali haimupi miaka. Inamunyang'anya miezi aliyo nayo. Waganga wa Seattle walitengeneza mwaka 2005 hesabu ya magonjwa mengine ya mutu, moyo, ini, mapafu, sukari na mengine, ili kujua nani ataweza kuvumilia. Si miaka peke yake inayohesabiwa. Nimeona wazee wanaobeba kuni kuliko vijana wao.

Kuna jambo moja ambalo jamaa zetu hawapendi kulisema, basi nitalisema mimi. Njia kali mara nyingi inaondoa uzazi, kwa mwanaume na kwa mwanamuke. Njia iliyopunguzwa pengine inauacha, pengine hauachi, hakuna ahadi. Kwetu mutu asiye na mutoto anaitwa majina mabaya, na nimeona ndoa zikivunjika kwa sababu hiyo. Kwa hiyo ni vibaya sana kumwambia kijana habari hii baada ya kazi kuisha. Katika inchi zile mbegu za mwanaume zinaweza kugandishwa na kuwekwa miaka mingi, na mayai ya mwanamuke vilevile kama kuna nafasi ya karibu majuma mawili. Lakini hayo yanafanyika mbele ya dawa, si nyuma. Kijana akiona haya kuuliza, mama yake mudogo au shangazi aulize kwa ajili yake.

Tena sasa, ni nani atakayechagua? Kwetu wazee wa jamaa wanaita muganga pembeni na kusema, "Usimwambie mugonjwa, moyo wake utaanguka." Nimeitwa pembeni namna hii mara nyingi, na zamani nilikuwa nikikubali. Katika jambo hili siwezi kukubali tena. Hapa hakuna njia moja nzuri na njia moja mbaya, ambayo baba anaweza kumuchagulia mwana wake. Kuna hatari mbili: kufa upesi kwa sababu ya dawa, au kuona ugonjwa unarudi baadaye. Mutu mumoja atasema, "Nina watoto wadogo watatu, ninataka nafasi kubwa zaidi ya kuwalea, hata kama taabu ni kali." Mwingine atasema, "Nimeishi vya kutosha, ninataka kuona arusi ya binti yangu mwezi wa nane, zaidi ya hapo siombi." Wote wawili wana akili. Lakini kama tumewaficha habari, tumewanyang'anya haki ya kusema neno hilo, na sisi ndio tumesema kwa vinywa vyao.

Simu ikifika, basi, mumuulize mwana wenu maneno haya: Ni aina gani ya lekemia? Dawa zimeiondoa hata mashini haziioni tena, au bado alama ziko? Moyo, mapafu, ini na figo zimepimwa? Miale au dawa zitapunguzwa hata kipimo gani? Je, wamekueleza habari ya uzazi? Na kisha: wewe mwenyewe unaogopa nini zaidi? Mumwache ajibu pasipo kumukatiza.

Na kama wanatafuta ndugu wa kutoa chembe-mama, musikatae kwa kuogopa kwamba mutoaji atakufa au atabaki zaifu maisha yake yote. Kupima kwanza kunataka damu kidogo tu, au mate ya shavuni. Siku ya kutoa, mara nyingi wanachuja chembe kutoka damu ya mukono kwa mashini, kwa saa chache, baada ya siku nne au tano za sindano zinazofanya mifupa iume. Pengine wanachukua kwa sindano katika mufupa wa kiuno, mutoaji akiwa amelala usingizi wa dawa. Mwili wake unatengeneza nyingine ndani ya majuma machache, naye anarudi shambani kwake.